Mrija wa Tatu

Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minne, na chakula chote alichowahi kula kwa mdomo hakijazi bakuli. Alizaliwa utumbo umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Walipompasua akiwa na siku mbili, sehemu kubwa ilikuwa imeshakufa, wakaikata. Kilichobaki ni kifupi mno, chakula kinapita kabla hakijamfaa. Kwa hiyo analishwa kwa mshipa. Kila siku saa moja jioni mfuko mweupe kama maziwa unaning'inizwa kwenye chuma, unaunganishwa na mrija unaotokea kifuani mwake, na pampu inamlisha polepole mpaka saa tatu asubuhi. Sukari, mafuta, chumvi, vitamini, vyote vimo mle ndani.

Wodini wanamwita Bosi. Chakula chake kina friji yake, kinashikwa na watu waliovaa glavu na barakoa, na yeye analetewa akiwa amelala chali anachezea vidole vya miguu. Nani mwingine anahudumiwa hivyo?

Mfuko ndio unaomweka hai, na mfuko huohuo unamdhuru. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Ini lake lilichoshwa na yale mafuta hadi macho yakawa ya njano. Wakapunguza mafuta, macho yakaanza kurudi. Mrija wa kwanza, uliopitia shingoni upande wa kulia, uliziba kwa damu iliyoganda, na mshipa ule haufai tena. Wa pili uliingiwa na vidudu, akawa mahututi siku tisa, wakautoa. Huu alio nao sasa ni wa tatu. Daktari wake, mama mmoja mrefu anayeongea polepole, alinichorea mwili wa mtoto kwenye karatasi na mishipa mikubwa inayoweza kubeba mrija wa namna hii. Haikuwa mingi. Alipomaliza kuchora akaikata miwili kwa kalamu.

“Ikiharibika haioti mingine,” akasema. “Ndiyo maana tunaulinda huu kama mboni ya jicho.”

Tulikuwa tumeishi wodini zaidi ya mwaka daktari aliponiambia tunaweza kwenda nyumbani na mifuko yetu, lakini kwa sharti. Jioni saba mfululizo mimi mwenyewe niunganishe mfuko, nesi akiwa anaangalia tu, bila kosa na bila mtoto kupata homa. Kosa moja au homa moja, nahesabu upya kuanzia siku ya kwanza. Homa, kwa kipimo chao, inaanzia thelathini na nane.

Nesi aliyepewa kazi ya kuniangalia tulimpa jina la Sista Sabuni, ila si mbele yake. Kwake mikono haiwi safi mpaka ngozi ilalamike. Wakati wa kuunganisha anasimama pembeni na mikono yake mgongoni.

“Mimi leo ni picha ya ukutani,” anasema. “Usiniulize chochote. Picha haijibu.”

Basi mimi naosha mikono mpaka kwenye viwiko nikihesabu sitini. Navaa glavu. Nafungua kifuniko cha mwisho wa mrija, napangusa ncha kwa spiriti nikihesabu thelathini, nasubiri ikauke nikihesabu thelathini nyingine. Nasukuma maji ya chumvi kwa sindano. Naunganisha. Nafungua kibano. Ndipo nakumbuka kupumua.

Wiki hiyo ya majaribio ilianza Jumamosi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikapita. Mume wangu, ambaye kazi yake inamweka mbali na hospitali, alikuwa ananitumia ujumbe kutoka nyumbani kila akipata nafasi. Amepaka chumba rangi. Amegongomelea ndoano ukutani na kuijaribu kwa dumu la maji, imeshika. Friji ya mifuko imefika, haitaingia humo hata chupa ya maji ya kunywa. “Sasa hivi inasoma nyuzi nne,” aliandika, kama mtu anayetangaza kwamba mtoto wake amepata jino.

Jumanne na Alhamisi nina darasa la jioni, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili kasoro. Niliacha shule mapema, na hivi vipindi nilivianza kabla sijashika mimba. Daktari mwenyewe ndiye aliyenikatalia kuviacha. Siku hizo mama mkwe wangu anakuja kukaa na mjukuu wake. Ni mwanamke mfupi, hodari, aliyelea watoto sita na hakuna hata mmoja aliyelala na njaa, na hilo ndilo lililofanya wodi ile imshinde. Kwake yeye, mtoto asiyepewa kitu mdomoni ni kama mtoto aliyesahauliwa mlangoni. Baada ya upasuaji wa mwisho, wiki tatu kabla ya majaribio, daktari alikuwa amesema Bosi asipewe chochote kwa mdomo mpaka atakapomkagua tena.

“Hata maji?” mama mkwe aliuliza.

“Hata maji, bibi. Hakuna kitu cha kutoka nje kupita mdomoni.”

“Haya. Nimesikia. Masikio ninayo mawili.”

Zaidi ya wiki moja kabla ya majaribio, mwalimu wetu wa hisabati alitufundisha kuchora grafu, akatutuma kila mtu afuatilie kitu kinachopanda na kushuka kwa siku kumi na nne. Mmoja alipima mvua kwenye kopo. Mmoja alihesabu wateja wa kinyozi mwenzake, akasema ni kwa ajili ya elimu tu. Mimi nilipima joto la Bosi, kila baada ya saa moja, tangu alasiri, au tangu nitoke darasani, mpaka nilale. Kipimajoto nilikuwa nacho, na muda ndio usiseme.

Alhamisi, siku ya sita ya majaribio, ilikuwa zamu yangu kusimama mbele. Nikaubandika mchoro wangu ubaoni. Mstari ulikuwa umelala vizuri, thelathini na sita na pointi kadhaa, isipokuwa palipovimba mara tatu.

“Hivyo vilima vya nini?” aliuliza yule wa wateja wa kinyozi.

Nikafungua mdomo nijibu kwamba ni vya kawaida. Nilikuwa nimeshajijibu hivyo mara tatu. Jioni hizo tatu, kama saa moja baada ya kuunganisha mfuko, Bosi alitetemeka kidogo, midomo ikapauka, joto likapanda mpaka thelathini na saba nukta nane, nukta tisa. Likashuka lenyewe. Manesi walikuwa wanapima saa kumi na mbili jioni, kisha saa sita usiku, kwa hiyo kwao karatasi ilikuwa safi. Haikufika thelathini na nane. Si homa. Sikusema.

Lakini pale ubaoni niliona kitu ambacho sikukiona nikiwa nimeinama kitandani. Chini ya kila kilima nilikuwa nimeandika siku kwa mkono wangu mwenyewe. Jumanne. Alhamisi. Jumanne.

“Mwalimu, naomba niende,” nikasema.

“Hujamaliza kueleza.”

“Ndiyo naenda kumalizia.”

Sikumbuki vizuri nilivyofika hospitali, ila nilifika nimeshika chaki. Mlango wa chumba chetu wodini una kioo kidogo juu. Nikasimama nje, nikachungulia kama mwizi.

Mama mkwe alikuwa amempakata Bosi, anamwimbia. Kile kimfuko cha kitambaa ninachohifadhia mwisho wa mrija kifuani kilikuwa wazi. Na Bosi alikuwa ameshika ncha ya mrija kwa mikono miwili, kifuniko na vyote, ameitia pembeni mwa mdomo kwenye meno mapya, anatafuna. Macho ameyafumba kwa raha. Udenda unamtiririka mpaka kwenye kidevu.

Nikasukuma mlango.

“Eeh!” mama mkwe akashtuka. “Mbona mapema? Mwalimu amekufukuza?”

“Mama, anatafuna nini?”

“Hatafuni kitu.”

“Mama!”

“Si chakula, nasema.” Akautoa mrija kinywani mwa mtoto taratibu, akaukausha kwa upande wa nguo yake. “Mlisema asipewe kitu cha nje. Sijampa kitu cha nje. Hiki ni chake mwenyewe, kimetoka kifuani mwake.”

“Tangu lini?”

“Ukienda shule tu. Ukiwepo nakuogopa.”

Nilikaa kwenye kitanda. Bosi akanyoosha mikono anataka nimbebe, akaanza kulia, si kilio cha kuumwa, kilio cha mtu aliyenyang'anywa.

“Unaona?” mama mkwe akasema. “Meno yanamwasha. Anatafuta cha kutia kinywani kutwa nzima. Nikampa kidole changu, huyo Sabuni wenu akanifokea, kidole kina vidudu. Nikampa lile toi la mpira, akasema limeanguka chini. Sasa nikaangalia humu ndani kuna kitu gani kisafi. Nikaona hiki. Kinapanguswa spiriti kila siku, kinafunikwa, kinahesabiwa sitini, thelathini, thelathini. Hakuna kitu kisafi kama hiki chumba kizima. Hata mimi mwenyewe sijawahi kuoshwa hivyo.”

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Alikuwa amefikiri, tena amefikiri vizuri kuliko watu wengi. Ila alikuwa amehesabu kile kinachotoka kwenye mrija kwenda mdomoni, akasahau kinachotoka mdomoni kwenda kwenye mrija. Na mrija ule haukomei kifuani. Unaishia mlangoni mwa moyo.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, lakini alielewa. Kisha akainuka akafunga mlango.

“Sikiliza, mwanangu,” akasema kwa sauti ya chini. “Wewe unajua kupangusa. Kipanguse leo mara mbili, mara tatu. Leo siku ya sita. Kesho ya saba. Keshokutwa tuko nyumbani, na mimi huo mrija sitaugusa tena, hata nikiukuta unaungua. Lakini ukisema, watautoa. Na ukitolewa…” Hakumalizia. “Mwanangu wa kumzaa ataniangalia kwa macho gani?”

Nilikuwa nafikiria hivyohivyo alivyokuwa anafikiria yeye, tena kwa mpangilio. Hajafika thelathini na nane hata mara moja. Jana, Jumatano, alilala vizuri kabisa. Labda vilima vile ni vya meno. Mrija ukitolewa, unabaki mshipa gani, na baada ya huo? Nikafungua simu nione saa, nikakuta ujumbe wa mume wangu, picha ya friji tupu ikiwa imefunguliwa, taa yake inawaka.

Saa kumi na mbili Sista Sabuni akaja kupima joto.

“Thelathini na sita nukta tisa,” akasema, akaandika. “Safi. Bosi, keshokutwa unatuacha? Nani atatunyima usingizi?”

Mama mkwe akaangalia dirishani.

Saa moja ilipofika nikaosha mikono. Nikahesabu sitini. Mfuko ukaning'inizwa, mpira wake ukajazwa, hewa ikatolewa. Sista akachukua nafasi yake pembeni, mikono mgongoni, picha ya ukutani. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika miguu ya Bosi asirushe mateke. Nikafungua kifuniko. Kwa karibu kilikuwa na alama ndogondogo za meno, mbili juu, mbili chini, na mimi siku zote hizo nilikuwa nakitupa kwenye ndoo bila kukiangalia, navalisha kipya.

Nikapangusa nikihesabu. Nilifika kumi na saba.

“Sista, siunganishi.”

“Umesahau hatua?”

“Sijasahau. Siunganishi.”

Nikabana mrija, nikaweka kifuniko kipya, nikavua glavu ili nisishawishike. Nikaanza na yangu. Kwamba jioni tatu alitetemeka na mimi nikapima, nikaandika, nikachora hadi kwenye karatasi ya shule, nisiwaambie wao. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu anayesoma orodha. Nilipofika mahali pa kueleza kwa nini Jumanne na Alhamisi, nikasita nikitafuta namna ya kulisema.

“Ni mimi,” mama mkwe akasema. Hakuachia miguu ya mtoto. “Nilimwacha aitafune hiyo ncha. Andika ni mimi.”

Sista Sabuni alitoa mikono mgongoni. Nilitarajia moto. Badala yake akabonyeza kengele, akamwambia nesi aliyekuja, “Mwite daktari. Leta chupa za kuoteshea vidudu vya damu, seti mbili, na dripu ya sukari.” Kwetu akasema neno moja tu: “Baadaye.” Lilitosha kabisa kutuweka kwenye viti.

Walitoa damu kwenye mrija, na nyingine kwenye mkono, ili walinganishe. Wakatafuta kimshipa kidogo mkononi wakaweka dripu, kwa sababu mtoto aliyezoea mfuko kila jioni hawezi kuachwa hivihivi. Sukari inashuka, anaweza kuzimia kimyakimya. Mfuko wa siku hiyo, mzima, haujaguswa, ukarudishwa kumwagwa.

Daktari alipofika aliomba kuona mchoro wangu. Akauangalia muda mrefu kuliko mwalimu.

“Vidudu vya mdomoni vinaingia kwenye mrija, vinakaa vimetulia,” akasema. “Ukisukuma maji ya chumvi, unavisukuma navyo kwenye damu. Ndiyo hiyo saa moja baadaye.”

“Ningeunganisha leo ingekuwaje?”

“Labda angetetemeka kidogo kama Jumanne. Labda usingeweza kumwamsha asubuhi. Sijui.” Akanirudishia karatasi. “Na sitaki kujua.”

“Mrija mtautoa?”

“Inategemea ni kidudu gani. Kuna ambacho tunaweza kukiua mrija ukiwa humohumo, kuna ambacho hakitoki mpaka mrija nao utoke. Tunaanza dawa sasa hivi. Majibu ni baada ya siku mbili.”

Zile siku mbili sina cha kusimulia. Bosi alipandisha thelathini na nane nukta sita usiku uleule, bila mfuko, na hapo hata mimi sikuweza tena kusema ni meno. Mama mkwe hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti mikono juu ya mapaja, kama amekatazwa kugusa dunia.

Mume wangu nilimpigia Ijumaa mchana, nikiwa kwenye ngazi. Nilimwambia yote.

“Mama yangu yukoje?” akauliza.

“Hali chakula.”

“Mlazimishe,” akasema. “Sasa hii friji niizime?”

“Iache iwake,” nikasema.

Jumamosi, siku ambayo tungekuwa tunafunga mizigo, daktari aliingia na karatasi. Kidudu kilikuwa cha aina inayosikia dawa. Mrija unabaki. Siku kumi za dawa ya mshipani, na kila siku dawa nyingine inajazwa ndani ya mrija na kuachwa humo saa kadhaa ikivifuata vilivyojificha. Akasema ingekuwa aina nyingine tungekuwa tunaongea mengine, na akasema hivyo akimwangalia mama mkwe, kisha mimi, kwa kipimo sawa.

“Nihukumu tu, daktari,” mama mkwe akasema.

“Bibi, nina swali la kikazi. Alipokuwa anatafuna, alikuwa anameza mate au anayaacha yatoke?”

“Mengi anameza. Tena anasukuma kwa ulimi, hivi, kama anatafuta kitu zaidi.”

“Anapaliwa?”

“Hata siku moja.”

Daktari akaandika. “Ulivyofanya ni hatari, usirudie. Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi kwamba amesahau kazi ya mdomo. Wapo watoto wa mifuko wakipewa kijiko wanapiga kelele kama wamepewa moto. Homa ikitulia, tuanze vijiko viwili vya maziwa yake maalumu kwa siku. Na utumbo ukipata kazi hata kidogo, ini nalo linapumzika.”

“Nani atampa?” akauliza mama mkwe, karibu asisikike.

“Mtu anayejua kukaa naye. Ila Sista akufundishe kwanza.”

Ndipo ile “baadaye” ya Sista Sabuni ilipofika. Alimfundisha mama mkwe kunawa kwa siku nne mfululizo kwenye sinki la wodi, sisi wengine tunasikia.

“Bibi, vidole ni kumi. Umeosha tisa.”

“Hicho cha kumi kilioshwa nilipozaliwa.”

“Rudia.”

“Wewe binti, uliolewa kweli? Mume alikuvumilia?”

“Rudia, bibi. Na kucha.”

Na kile kimfuko cha kitambaa, mimi na Sista tulikaa tukabuni kingine, kinafungwa kwa nyuma mgongoni, mahali ambapo mikono ya Bosi haifiki. Homa ilipotulia manesi walikuwa wameurudisha mfuko. Dawa zikaisha. Damu ikapimwa upya, ikawa safi. Siku iliyofuata daktari akasema tuanze tena. Siku ya kwanza kati ya saba.

Saa moja jioni niliosha, nikahesabu, nikapangusa, nikasukuma, nikaunganisha. Sista alikuwa picha. Alipoona kibano kimefunguliwa hakuondoka kama ilivyo kawaida yake, alivuta kiti. Mama mkwe akavuta kingine. Tukakaa watatu tukimwangalia mtoto mmoja anayecheza na vidole vyake vya miguu.

“Imefika?” mama mkwe akauliza.

“Dakika kumi bado, mama.”

“Saa yako mbovu.”

Saa moja ilipotimia tangu niunganishe, nilimgusa midomo. Ina joto la kawaida, haijapauka. Mikono haitetemeki. Nikaweka kipimajoto kwapani, nikasubiri kilie, nikakisoma kwa sauti, namba yote, bila kuacha hata nukta.

“Thelathini na sita nukta nane.”

Sista akaandika kwenye karatasi ya wodi, nje ya muda wa kupima, akatia sahihi.

“Moja,” akasema.

“Bado sita,” akajibu mama mkwe, akainuka kwenda kunawa mikono kabla ya kijiko cha jioni.